Ngome Tatu za Nafplio



Jioni hii twawaalika kufuatana nasi hadi nchi ya Ugiriki, ile ambayo wasomaji wa Maandiko huijua zaidi kwa jina la Uyunani. Hatutawapeleka Athene, maana habari za Athene zimekwisha kusimuliwa mara nyingi. Twataka tutembee pamoja katika mji mdogo wa pwani uitwao Nafplio. Mtu akitoka Athene kwa gari huvuka mfereji wa Korintho, kisha hushika njia ya kusini, na baada ya saa mbili au zaidi kidogo huiona bahari ya ghuba ya Argos, na mji umekaa juu ya rasi yake.

Wagiriki wenyewe huusifu mji huu kuwa mji wa wapendanao. Maarusi huja kukaa hapo siku chache baada ya arusi, na watu wa Athene huja mwisho wa juma kupunga hewa. Tulipofika tuliona mara moja sababu yake. Nyumba za kale zimepangana tangu kilimani hata karibu na maji, zina roshani nzuri, na maua ya rangi ya zambarau yametambaa juu ya kuta zake. Vichochoro ni vyembamba, na vingine si njia bali ni ngazi tupu. Uwanja mkuu, uitwao Uwanja wa Katiba, umetandikwa marumaru iliyolainishwa na nyayo za watu. Jua linapokuchwa nyuma ya milima ya ng'ambo ya ghuba, maji hugeuka rangi ya shaba, na hata watoto wachezao ufuoni husimama kidogo wakatazama.

Lakini mwalimu akienda matembezi hawezi kuiacha kazi yake nyumbani. Tuliinua macho, tukaona ngome: moja katikati ya maji, moja mgongoni mwa mji, na moja juu kabisa mlimani. Tukajiuliza: mji mdogo kama huu uliogopa nini hata ukahitaji ngome tatu? Tena, ngome hizo zilimlinda nani? Maswali hayo mawili ndiyo yaliyotuongoza siku zote tulizokaa pale, na ndiyo tutakayoyajibu jioni hii.

Ngome iliyo mgongoni mwa mji huitwa Acronauplia, nayo ndiyo ya kale kuliko zote. Mawe ya chini yaliwekwa na Wagiriki wa zamani, kabla ya kuzaliwa kwake Masihi. Juu yake wakajenga wengine, na juu ya hao wengine tena, hata ukuta mmoja unaweza kusomwa kama kitabu chenye sura nyingi. Ngome ya majini huitwa Bourtzi. Ilijengwa mwaka 1473 na watu wa Venice, wale wafanya biashara wa Italia waliokuwa na merikebu nyingi katika bahari ile. Kati yake na nchi kavu palikuwa na mnyororo, nao ulivutwa kuifunga bandari adui alipokuja. Ya tatu ni Palamidi, yenye buruji nane, juu ya mlima wenye kimo cha mita 216. Hiyo nayo ni kazi ya watu wa Venice, ya miaka 1711 hadi 1714.

Mtu hupanda Palamidi kwa ngazi za mawe. Husemwa kwamba vidato vyake ni 999. Waliohesabu kwa makini hupata pungufu ya hapo, wala hawapatani wao kwa wao. Sisi twakiri kwamba pumzi ilipokwisha na hesabu ikatupotea.

Tazameni sasa jinsi mambo yalivyokwenda. Watu wa Venice waliushika mji tangu mwisho wa karne ya 14. Mwaka 1540 Waturuki wakauchukua. Mwaka 1686 watu wa Venice wakarudi, wakautwaa tena. Wakaona kwamba adui akiupanda mlima wa Palamidi ataweza kuupiga mji wote kwa mizinga. Basi wakaujenga mlima ule kwa gharama kubwa na kwa haraka ya ajabu. Kazi ikaisha mwaka 1714. Mwaka 1715 Waturuki wakaja na jeshi kubwa, na kwa muda wa siku chache tu ngome ile mpya ikaanguka mikononi mwao. Hivyo walioijenga waliikalia mwaka mmoja, na adui zao wakaikalia zaidi ya mia.

Mwaka 1821 Wagiriki wakaondoka kupigania uhuru wao. Mmoja wa wakuu wa vita vyao alikuwa Theodoros Kolokotronis, mtu wa milimani, hodari na mwenye akili nyingi. Nafplio ikazungukwa, chakula kikawaishia waliokuwa ndani. Mwishoni mwa Novemba 1822, kwa kalenda yao ya wakati ule, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Andrea, kikosi kidogo cha Staikos Staikopoulos kiliparamia ukuta wa Palamidi, kikawakuta walinzi wachache waliodhoofika kwa njaa. Asubuhi bendera ilikuwa nyingine. Mji ukajisalimisha baada ya siku chache, na Kolokotronis alikuwa miongoni mwa wakuu waliopokea ushindi ule.

Hapo wengi hudhani hadithi imekwisha: mtumwa amekuwa huru, na ngome imerudi kwa wenyewe. La, wasikizaji. Hapo ndipo ilipoanza sehemu iliyo ngumu.

Mwaka 1827 mkutano wa taifa ulimchagua Ioannis Kapodistrias kuwa Gavana wa nchi kwa miaka saba. Mtu huyu alizaliwa kisiwani Corfu mwaka 1776, akapata kuwa waziri wa mambo ya nchi za nje wa Mfalme wa Urusi. Alifika mwanzo wa mwaka 1828, na Nafplio ikawa mji mkuu wa dola changa. Alikuta nchi imeteketea, hazina tupu, watoto wengi hawana baba. Alikataa kupokea mshahara. Alianzisha fedha mpya, na chuo cha maofisa wa jeshi, na nyumba ya mayatima. Akafungua shule ambazo wanafunzi wakubwa huwafundisha wadogo, kwa sababu walimu hawakutosha. Nasi tulio katika kazi ya kuwafunza walimu twajua uzito wa jambo hilo.

Kuna hadithi isimuliwayo mpaka leo, ya kweli au ya kubuniwa, kwamba alileta viazi vya Ulaya ili watu wapate chakula, nao wakavidharau. Basi akaagiza rundo la viazi lilindwe na askari wenye bunduki, na askari wakaambiwa kwa siri wafumbe macho. Watu wakasema: kitu kilindwacho hivi lazima ni cha thamani. Baada ya siku chache rundo likaisha lote kwa kuibwa.

Lakini watu si viazi. Wakubwa wa koo, waliotoa mali na damu ya watoto wao katika vita, waliona kwamba Gavana ametwaa madaraka yote peke yake, na ya kwamba kodi na amri zake zawanyang'anya heshima yao. Naye aliwaona kuwa watu wa kupenda ukoo kuliko nchi. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Akamtia gerezani Petrobey Mavromichalis, mkuu wa ukoo mashuhuri wa Mani, katika mji ule ule wa Nafplio. Huko Mani kisasi kilikuwa deni lisiloweza kusamehewa.

Asubuhi mapema ya tarehe 9 Oktoba 1831, kwa kalenda yetu ya leo, siku ya Jumapili, Kapodistrias alitoka kwenda kusali katika kanisa la Mtakatifu Spyridon, ambaye ndiye mtakatifu wa kisiwa alikozaliwa. Alikwisha kuonywa, lakini hakutaka kujificha. Mlangoni walisimama watu wawili wa ukoo ule: Konstantinos, ndugu yake Petrobey, na Georgios, mwanawe. Wakamwua kwa risasi na kwa kisu. Konstantinos aliuawa papo hapo. Georgios alihukumiwa, akapigwa risasi.

Tulilitafuta kanisa hilo, tukalipita mara mbili bila kulijua, maana ni dogo na limejificha kichochoroni. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka kuwasha mshumaa alituona tukitazama-tazama, akatuonyesha kwa kidole, bila kusema neno, mahali karibu na mlango. Pana tundu dogo ukutani, limefunikwa kioo. Husemwa kuwa ni alama ya risasi. Ngome tatu, mnyororo wa bandari, buruji nane, na risasi iliyomwua mkuu wa nchi haikutoka ng'ambo ya bahari. Ilitoka mikononi mwa watu wake, waliopigania uhuru ule ule.

Baada yake nchi ikaingia katika fujo. Dola kubwa za Ulaya zikawaletea Wagiriki mfalme, Otto, mwana wa Mfalme wa Bavaria. Alishuka Nafplio mwanzo wa mwaka 1833, kijana wa miaka 17, na wazee watatu wa Kibavaria wakatawala kwa niaba yake. Wazee hao walimwogopa Kolokotronis kwa sababu watu walimpenda. Wakamkamata yeye na mwenzake Plapoutas, wakawashtaki kwa kuifitini serikali. Kesi yao ilisikizwa hapo Nafplio mwaka 1834, katika jengo lililokuwa msikiti, kisha likawa baraza la kwanza la wawakilishi wa Wagiriki. Kolokotronis alikuwa mzee wa miaka 64.

Mahakimu walikuwa watano. Watatu waliamua kwamba mzee auawe. Wawili, Anastasios Polyzoidis, aliyekuwa mkuu wao, na Georgios Tertsetis, walisema kwamba ushahidi hautoshi kumwua mtu, wakakataa kuitia sahihi hukumu. Wakaamriwa, wakakataa. Askari wakawashika kwa nguvu, wakawaburura mpaka viti vyao ili hukumu isomwe mbele yao. Hata hivyo kalamu hawakuigusa. Baadaye wao wenyewe wakashtakiwa, lakini wakaachiliwa. Hukumu ya mzee ikageuzwa kuwa kifungo, na mwaka 1835 mfalme alipotimia umri wa kutawala akamfungulia.

Juu ya Palamidi huonyeshwa chumba cha giza, chenye mlango mfupi hata mtu lazima aingie ameinama, na husemwa kwamba humo ndimo alimofungwa. Kama si chumba kile hasa, basi ni kimojawapo kama kile. Maana hakuna shaka kwamba mtu aliyesaidia kuikomboa Nafplio alifungwa Nafplio. Na ngome zile ziliendelea na kazi hiyo. Palamidi ilikuwa gereza muda mrefu, Acronauplia nayo ilikuwa gereza hata katika karne ya 20, na kisiwani Bourtzi walikaa wale waliokuwa na kazi ya kuwanyonga na kuwakata vichwa waliohukumiwa, kwa sababu wenyeji hawakukubali kuishi nao mtaa mmoja.

Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi wasemao Kiswahili. Wajuzi wa lugha husema kwamba neno letu "gereza" asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walijenga ngome katika pwani yetu, na ndani yake wakaweka makanisa. Miaka ikapita, ngome zikawa vifungo, na jina la nyumba ya sala likabaki kuwa jina la nyumba ya wafungwa. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, iliwatoka Wareno mwaka 1698 ikaingia mikononi mwa Waarabu wa Oman. Na tangu 1895 hata 1958 ilikuwa gereza la serikali ya Kiingereza. Neno moja la lugha yetu limehifadhi historia ambayo Nafplio imeihifadhi kwa mawe.

Basi, tumejibu maswali yetu. Mji uliogopa adui wa nje, na haki ulikuwa nayo kuogopa. Lakini ukuta hauna mwenyewe. Humtumikia yeyote ashikaye ufunguo. Ukuta wa Palamidi haukuwaokoa waliojenga, wala haukumwokoa Gavana mlangoni mwa kanisa, nao ulimfungia ndani mtu aliyeupigania.

Mwaka 1834 makao makuu yalihamishwa, yakapelekwa Athene, na Nafplio ikaachiwa bahari yake na ukimya wake. Labda ndiyo sababu imebaki nzuri. Jioni ya mwisho tulishuka mpaka mbele ya mahakama ya mji. Hapo zimesimama sanamu za mahakimu wawili waliokataa kutia sahihi. Arusi wawili walipita wameshikana mikono, wakizungumza mambo yao, hawakuzitazama. Hatukuwalaumu. Watu wapate kutembea hivyo jioni, bila hofu, ndilo jambo ambalo ngome tatu zilijengwa kulileta zisiweze. Na mahakimu wale, walipoiacha kalamu mezani, walilikaribia zaidi kuliko wote walioinua mawe.

Kwa herini, wasikizaji. Mlale salama.