Macho ya Ndege Aliyekufa

Ndege akiisha kufa, manyoya yake hudumu miaka mingi, lakini rangi ya macho na miguu hupotea upesi. Afadhali kumchora siku ile ile.

James Chapin, kijana wa Marekani, alilijua jambo hilo. Yeye na mwenzake Herbert Lang walikaa kaskazini-mashariki mwa Kongo tangu 1909 hata 1915. Lang alipiga picha, nazo hazikuwa na rangi. Chapin alichora na kupaka rangi.

Mwaka 1913 Chapin aliona unyoya mmoja katika kofia ya mtu wa Ituri. Hakuujua ni wa ndege gani, akautunza. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, akaukumbuka unyoya ule. Ndiye tausi wa Kongo! Watu wa msitu walimjua tangu zamani; wataalamu ndio hawakumjua.

Basi sisi wenye nchi tuchukue daftari na kalamu. Tuchore ndege mmoja kila siku, tuandike na jina lake kwa lugha ya kwetu. Wazee wanaoyajua majina hayo, nao hawakai milele.