HISTORIA: Sangara Aliletwa Watu Wacheze, Wengine Wakaachiwa Baridi

Mwezi wa saba baridi ya Ngara si ya kitoto. Ni wilaya ya milima, jioni watu wote wako ndani ya makoti, na jamaa aliyeshuka kwenye basi kutoka Dar na fulana yake ya mikono mifupi anajuta. Akiingia kwa mama ntilie akaagiza ugali samaki, kinaweza kuja kipande cha sangara kilichotoka Ziwa Victoria na kupita Biharamulo mpaka kumfikia pale mezani. Anakula huku anaamini kabisa kwamba huyu samaki yupo ziwani tangu enzi za mababu.

Kumbe wapi! Babu yake akiwa kijana hakuwahi kumwona sangara Ziwa Victoria. Sangara ni mgeni. Aliletwa na watu, na moja ya sababu za kumleta ni mchezo.

KOMBE LA BARIDI

Twende taratibu. Kwa Wazungu, hasa Waingereza, kuvua samaki ni mchezo kama ilivyo mpira kwa Mbongo. Kuna klabu, kuna ada ya uanachama, kuna mashindano. Washindani wanapangwa ukingoni mwa maji, kila mmoja na nafasi yake na fimbo yake ya kuvulia. Muda ukianza wanakaa hapo saa kibao, hata kama ni baridi ya kugandisha vidole. Mwisho mzani unaletwa, na mwenye kilo nyingi ndiye bingwa. Baada ya hapo samaki mara nyingi wanarudishwa majini.

Kwa kijana aliyekulia Chato hayo ni maajabu. Umepigwa baridi kutwa nzima, umepata samaki, halafu unamwachia?

Walipotawala Afrika Mashariki walikuja na mchezo wao. Mwaka 1905 mayai ya samaki aina ya trauti yaliletwa kutoka Scotland na kupandikizwa Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye trauti alifika mpaka mito ya Kilimanjaro na Mbeya. Trauti anapenda maji ya baridi, kwa hiyo milimani alikubali. Ziwani sasa, ndiyo shida. Ziwa Victoria lilikuwa na samaki kibao wakiwemo furu, ningu na kambale, ila wenye fimbo walitaka samaki wa kuwatoa jasho.

Samaki huyo alikuwepo Uganda, Ziwa Albert na kwenye Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison. Ni sangara, samaki anayeweza kumzidi mtu mzima uzito. Rekodi ya dunia ya kumvua kwa fimbo iliwekwa mwaka 2000 Ziwa Nasser, Misri: kilo 104! Hata Ziwa Victoria lenyewe, mwaka 1991, karibu na kisiwa cha Rusinga upande wa Kenya, alivuliwa wa kilo 86 na ushee.

SIRI YA 1954

Miaka ya 1950 palikuwa na ubishi mkali. Idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda ilitaka sangara aingizwe Victoria. Hoja zilikuwa mbili: awale furu wadogo ili wageuke kuwa nyama ya maana, na wapenda mchezo wapate samaki wa kupambana naye. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa samaki pale Jinja wakasema subirini kwanza, hatujui atafanya nini humo ndani.

Hakuna aliyesubiri. Mwaka 1960 sangara wakawa tayari wanaonekana ziwani, na ubishi ukafa kifo cha kawaida. Mwaka 1962 na 1963 akapandikizwa wazi wazi. Miaka mingi baadaye ikaja kujulikana kwamba tangu 1954 walinzi wa samaki wa Kiafrika waliagizwa na wakubwa zao kumhamisha kimya kimya. Hao hawakuwa na klabu wala kombe, walikuwa na kazi ya kulinda. Bosi akisema mwaga, wewe ni nani ukatae?

BILI IKALETWA

Kwa karibu miaka 20 sangara alikuwa wa kuhesabika. Kufika miaka ya 1980 akalipuka. Furu waliokuwa wa aina mamia wakaliwa, na inakadiriwa aina kama 200 zilipotea.

Kwa akina mama wa mwaloni huo ulikuwa msiba wa kimya kimya. Furu unamwanika juani, basi. Sangara ana mafuta, juani haendi, anataka kukaangwa au kukaushwa kwa moshi. Maana yake kuni, na kuni maana yake miti.

Ila tusiwe wanafiki, sangara alileta mkwanja. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilishamiri Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Huku nyuma ya viwanda wengi wakabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Baadaye hata mabondo yakageuka dhahabu kwa wanunuzi wa China.

RUBONDO

Zamani, kabla Chato haijawa wilaya yake, Biharamulo ilifika mpaka ziwani. Mbele ya fukwe hizo kuna kisiwa cha Rubondo. Wakazi wake walihamishwa miaka ya 1960 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Mtalii akilipia anaruhusiwa kumvua sangara kwa fimbo, apige picha, amrudishe. Mvuvi wa biashara haruhusiwi kutupa wavu maji yale.

Sababu ipo na ina mashiko: samaki wanahitaji pa kuzaliana, bila hivyo hata wa nje ya hifadhi wataisha. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mzee ambaye ukoo wake ulitoka kisiwa kile. Anamwona mgeni anavua kwa raha zake, yeye akisogea na makila anaitwa mhalifu.

MASHINDANO YASIYO NA FILIMBI

Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo baridi wa kusini unalikoroga ziwa. Maji ya juu na ya chini yanachanganyika, hewa inafika mpaka chini kabisa, na sangara, asiyeweza maji yenye hewa kidogo, anapata nafasi ya kwenda kina kirefu. Kwa hiyo mvuvi anamfuata mbali, usiku, kwenye mtumbwi unaoruka na mawimbi. Koti limelowa. Vidole vinavyotakiwa kufungua ndoano za migonzo havisikii kitu. Injini ikizima hapo, ni Mungu tu.

Alfajiri mwaloni mzani unatolewa, kama kwenye klabu. Tofauti ni kwamba hapa kilo zikiwa chache hakuna wa kukupigia makofi kwa kushiriki. Mafuta ya injini ulikopa, mwenye mtumbwi anasubiri chake, na nyumbani ada ya shule iko pale pale. Na ukileta sangara chini ya sentimita 50, sheria inakusubiri.

Waliowaza mchezo wa fimbo miaka ya 1950 wengi hawapo tena. Baridi waliipenda, wakiichoka wanarudi nyumbani kunywa chai. Huyu wa leo haipendi, na kesho usiku anairudia.

Wewe ungekuwa na kombe mkononi, ungemkabidhi nani?