Ngonjera Zetu na Jina la Mnyampala

Mathias Mnyampala alifariki dunia mwaka 1969. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha kwanza cha ngonjera zake, na mwaka 1971 kikafuata cha pili. Mtunzi ni yeye, lakini vitabu vyenyewe vinaitwa Ngonjera za UKUTA. UKUTA ni kifupisho cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha washairi ambacho Mnyampala alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mtu aliyebuni sanaa ile aliingia kaburini, na sanaa ikatoka hadharani ikiwa na jina la chama.

Ndugu msomaji, kwingineko mambo huwa kinyume. Mwaka 1924 wapenzi wa michezo ya kuimba mjini London walianzisha chama na kukiita kwa majina ya watunzi wawili, Gilbert na Sullivan. Gilbert alitunga maneno, Sullivan akatunga muziki, na kati ya mwaka 1871 na 1896 walitoa michezo 14. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa chama kilipozaliwa, na kazi yake tangu hapo imekuwa kulinda kumbukumbu yao. Kule chama kimebeba majina ya watunzi. Kwetu mtunzi alibebwa na jina la chama. Sisemi kwamba Waingereza wametuzidi uungwana. Nasema kwamba njia hizi mbili zina matokeo tofauti, na sisi tunaishi katika matokeo ya njia yetu.

Najua wapo watakaouliza kama ngonjera ni mchezo wa kuimba. Si opera, nakiri. Lakini tazama kilichomo: shairi lenye vina na mizani, lililogawanywa kwa wahusika wanaojibizana, likighanwa kwa mahadhi na kutendwa kwa mikono na uso mbele ya watazamaji. Mwenye kuyaona hayo yote na bado akakataa kuiita tamthilia ya kughanwa, basi huyo ana ugomvi na umaskini wa jukwaa tu.

Mnyampala hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917, na katika maisha yake alipata kuwa hakimu. Mwaka 1954 aliandika historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 alitoa diwani yake. Aliitia Injili katika utenzi, kisha Zaburi. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaomdharau kuwa mpiga zumari wa TANU. Mtu aliyeandika desturi za kabila lake chini ya utawala wa mkoloni, na ambaye alijitwalia bahari za mashairi ya waswahili wa pwani akazifanya kuwa mali ya mtu wa bara, hawezi kumalizwa kwa neno hilo moja.

Hata hivyo chama tawala kilihusika, tena sana. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawaomba walipeleke Azimio kwa wananchi kwa njia ya tungo zao. Ngonjera ikawa chombo kilicho tayari. Muundo wake ni mwepisi: upande mmoja husimama asiyejua au anayepinga, upande wa pili husimama anayejua, hubishana beti kwa beti, hata yule wa kwanza akiri kwamba ameelimika, kisha wote wakaimba kauli moja. Nguvu yake nyingine ilikuwa bei. Haikuhitaji ukumbi, taa, pazia wala ala. Sare ya shule ilitosha kuwa vazi la jukwaani, na kivuli cha mwembe kilitosha kuwa ukumbi.

Ndiyo maana ilifika hata kwetu Murangi, katika nchi ya Majita kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo jumba la maonyesho halijapata kujengwa. Tafsiri za Shakespeare alizofanya mwana wa Butiama, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, zilisomwa na waliofika sekondari. Ngonjera ilighanwa na kila mtoto. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974 na kuamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, madarasa yalijaa, na kwa watoto wengi waliokuwa wakisema Kijita au Kikwaya nyumbani, ngonjera ilikuwa maneno marefu ya kwanza ya Kiswahili kukaa kichwani mwao bila kusahaulika. Mimi ni mmoja wa waliofundishwa hivyo. Kitu kilichofanya kazi hiyo hakistahili kebehi.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kama mtu anayefundisha siasa. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, kwa jirani zetu Wasukuma, vipo vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi na manju wake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Aliyeshindwa hakiri kosa. Anakwenda nyumbani kutunga upya, na msimu ujao anarudi na dawa nyingine na wimbo mwingine. Hapo mtunzi hawezi kusahaulika, kwa maana jina lake ndilo silaha ya kundi. Ngonjera haina msimu ujao. Mpinzani amewekwa pale ili ashindwe, na mtoto anayepewa nafasi yake anajua tangu mazoezi ya kwanza kwamba ubeti wa mwisho atakubali. Tuliurudisha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Hata leo, katika mikutano yetu mingi ya hadhara, mwenye hoja tofauti anasikilizwa kana kwamba ubeti wake wa kukubali umekwisha kuandikwa. Simlaumu Mnyampala kwa hilo. Malumbano ya washairi ni ya kale kuliko yeye, nayo hayakuwa na sharti la suluhu. Sharti lilitoka katika haja ya wakati ule, nasi tukaliacha libaki baada ya wakati kupita.

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ni nani aliyebuni ngonjera. Wote wamewahi kughani, mbele ya mkuu wa wilaya, askofu au mbunge. Jina la Mnyampala hutajwa na wachache, aghalabu wale waliosoma fasihi. UKUTA hudhaniwa kuwa ukuta.

Kwa hiyo nikiombwa kuunga mkono chama cha kumuenzi Mnyampala, nitaunga mkono, ila si kwa ajili ya hotuba na keki. Kuna kazi ya mikono. Vitabu vile viwili vipo katika maktaba chache. Tungo za maelfu ya walimu waliofuata mtindo wake hazimo popote. Zilitungwa kwa chaki na kalamu, zikatumika siku moja ya mahafali au ya sherehe za Uhuru, zikaachwa. Humo ndimo lilimo elezo la jinsi kijiji kilivyolielewa Azimio, vita ya Kagera, kipindupindu na UKIMWI, kwa maneno ambayo hakuna ofisa yeyote aliyeyaandika katika taarifa yake.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Majita alinionyesha madaftari yake manne. Mchwa wamekwisha kula pembe za mawili. Kila ngonjera ina tarehe, ina jina la mgeni rasmi, na pembeni mwa kila ubeti pameandikwa kwa wino mwekundu jina la mwanafunzi aliyeughani. Nilitafuta jina la mtunzi tangu jalada la kwanza hadi la mwisho. Halimo.