Kutoka Kichwele hadi Uhuru: Baraza, Fremu na Sura ya Mtaa wa Maduka Kariakoo, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mtaa wa Uhuru, unaotoka Mnazi Mmoja na kupakana na Kariakoo kabla ya kuelekea Ilala na Buguruni, uliitwa Kichwele katika enzi ya ukoloni. Historia yake husimuliwa zaidi kwa majengo: nyumba za udongo, kisha maduka ya matofali, kisha maghorofa. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini hayaelezi kwa nini takribani kila utawala umevutana na watu waliopanga bidhaa mbele ya nyumba. Insha hii inadai kwamba sura ya mtaa huu na ya Kariakoo kwa jumla imeamuliwa na swali moja: nani ana haki ya kuitumia nafasi iliyo kati ya ukuta na barabara?

2.0 Nyumba iliyouza kabla ya kuwa duka

Kariakoo ilipimwa na Wajerumani kuelekea mwaka 1914 kuwa makazi ya Waafrika pembezoni mwa mji. Jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Utawala wa Kiingereza uliugawa mji katika kanda tatu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga kanda ya Waafrika na Uhindini.

Ndani ya kanda hiyo ilienea nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma na baraza mbele. J.A.K. Leslie, katika uchunguzi wake wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1963, alionyesha jinsi kupangisha vyumba kulivyokuwa tegemeo la wenye nyumba wengi. Baraza nalo lilikuwa na matumizi zaidi ya mazungumzo ya jioni. Hapo palikaangwa maandazi, palipangwa mafungu ya nyanya na mkaa, na fundi aliweka cherehani yake. Chumba cha mbele kilipotobolewa mlango wa kuelekea mtaani, duka lilikuwa limezaliwa. Wafanyabiashara wa Kiasia walipoingia Kariakoo na kujenga kwa matofali, wengi waliishi nyuma ya duka au juu yake, huku mafundi wakishona nguo barazani. Mandhari hayo ndiyo aliyoyarejea M.G. Vassanji katika mkusanyiko wa hadithi alioupa jina la mtaa huu, Uhuru Street, mwaka 1991.

Kwa hiyo biashara ya mbele ya nyumba haikuwa uvamizi wa mtaa uliokwisha kupangwa. Ilikuwa sehemu ya nyumba yenyewe.

3.0 Dola kama mwenye nyumba na mwenye duka, 1967–1983

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya jumla ya makampuni makubwa ilitaifishwa. Sheria ya mwaka 1971 iliiwezesha Serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wapangaji wakaanza kulipa kodi kwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1975 lilifunguliwa jengo jipya la Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli. Mwaka uliofuata, Operesheni Maduka ilikusudia kuyaondoa maduka ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa na ushirika, ingawa haikudumu.

Katika miaka ya uhaba iliyofuata, bidhaa zilizokosekana kwenye rafu zilipatikana kwa njia ya magendo. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi na Sheria ya Nguvu Kazi, zote za mwaka 1983, zililenga mlanguzi pamoja na mchuuzi asiyetambuliwa kuwa mfanyakazi. Dola ilikuwa imemiliki kuta; nafasi ya mbele iliendelea kuiponyoka.

4.0 Kutoka chumba cha mbele hadi fremu

Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, kuliifanya Kariakoo kuwa ghala la nchi na la majirani. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na thamani kwa vyumba vyake sita; sasa thamani ilihamia kwenye kiwanja. Mwenye nyumba aliweza kuingia ubia na mwekezaji, nyumba ikabomolewa na ghorofa likasimama. Chumba cha mbele kikawa fremu, na mpangaji akatakiwa kulipa kilemba kabla hata ya kodi. Gharama za kugeuza kila futi kuwa duka zilionekana kwa uchungu tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20.

Ghorofa halina baraza. Asiyemudu kilemba alisogea hatua chache, kutoka barazani hadi ukingo wa barabara, akaitwa machinga. Jengo la Machinga Complex huko Ilala lilibaki na vizimba vingi vitupu kwa miaka, kwa kuwa mchuuzi huishi kwa wapita njia. Mwaka 2018 machinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000; mwaka 2021 wakaondolewa barabarani. Katika kipindi cha miaka mitatu, dola ilimtambua mtu yuleyule kuwa mjasiriamali na kisha kuwa kizuizi.

5.0 Hitimisho

Machinga anapoitwa mvamizi, lugha ya mipango miji hudhani kwamba ukuta wa duka ndio mpaka wa asili wa biashara. Ushahidi wa Kichwele unaonyesha kinyume: mpaka huo ulisogezwa na sheria, umiliki na bei ya ardhi, na shughuli ya barazani ikatupwa nje. Haja ya njia za waenda kwa miguu na za magari ya zimamoto ni ya kweli, na moto uliounguza Soko la Kariakoo Julai 2021 unaikumbusha. Hata hivyo, mpango utakaohesabu fremu pekee utaendelea kumhamisha mtu ambaye nyumba za mtaa huo zilimtengea nafasi tangu mwanzo. Watafiti wa miji ya Afrika Mashariki wanapaswa kulisoma baraza kama wasomavyo hatimiliki, yaani kama kumbukumbu ya haki iliyotumika kwa vizazi bila kuandikwa.