Jinsi ya kuzuia vipakatalishi vya afisi kuingia mtandao wa jirani

Katika miji ya Kericho, Litein, Sotik na Bomet, si ajabu kukuta afisi ya chama cha ushirika au ya mhasibu ikitenganishwa na mkahawa kwa ukuta mmoja tu. Ukuta huo huzuia macho, lakini hauzuii mawimbi ya waifai. Iwapo mkahawa umeacha mtandao wake bila neno la siri, kipakatalishi cha afisi huweza kujiunga nao pasi na mtumiaji kutambua.

Katika eneo la majani chai, jambo hili si dogo. Kumbukumbu za mkulima huwa na jina lake, nambari ya kitambulisho, akaunti ya benki na kilo za majani mabichi alizopeleka kituoni. Ndizo hutumiwa kukokotoa malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka. Zikiibwa au zikichezewa, anayeumia ni mkulima.

KIINI CHA HATARI

Kipakatalishi hukumbuka mitandao kilichowahi kuitumia. Mfanyakazi akijiunga mara moja na mtandao wa mkahawa, akaacha chaguo la kujiunga moja kwa moja, mashine itaurudia baadaye. Umeme unapokatika, ruta ya afisi huzima, ilhali kipakatalishi huendelea kwa betri na kutafuta mtandao mwingine kinaoujua. Ikiwa jirani ana jenereta, mtandao huo ni wake.

Kwa kawaida, mtandao usio na neno la siri haufichi mawasiliano yanayopita hewani. Tovuti za benki huyaficha zenyewe, lakini programu za kale na faili zilizofunguliwa kwa wenzao afisini huenda zikaonekana. Aidha, mhalifu anaweza kuwasha ruta yake, akaipa jina la mkahawa, kisha akawapeleka watumiaji kwenye kurasa bandia.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwanza, futa mitandao yote ya wazi iliyohifadhiwa katika kila kipakatalishi na uzime chaguo la kujiunga moja kwa moja.

Pili, msimamizi wa mitambo aiwekee mashine orodha ya mitandao inayoruhusiwa. Windows ina uwezo huo. Wafanyakazi wasipewe akaunti ya usimamizi, ili wasiibadilishe.

Tatu, mashine inayotumia waya izimwe waifai.

Nne, ruta ya afisi iwe na neno la siri refu na kinga ya WPA2 au WPA3. Kinga ya zamani, WEP, ilivunjwa na watafiti mwaka 2001.

Tano, iwekewe ruta betri ya akiba, na pawe na modemu ya afisi ya dharura. Mfanyakazi asiye na njia halali ataazima ya jirani.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayehifadhi data kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua kuwa imefikiwa bila idhini, ikiwa kuna hatari halisi ya madhara kwa mwenyewe. Faini ya kukiuka sheria hiyo yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Agizo la mdomo halitoshi, kwani mfanyakazi husahau. Mashine iliyofungwa vyema haisahau.