Mtengwa Si Mgeni

Maandishi mengi ya sosholojia humsawiri mtengwa kama mtu aliye nje ya jamii. Usawiri huo unapotosha. Mgeni hatengwi: akipita njiani asisalimiwe, hajapoteza kitu. Anayeweza kutengwa ni yule tu ambaye salamu ile ilikuwa haki yake.

Ushahidi wangu ni sungusungu, jeshi la jadi lililozuka upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ukiwa umeshamiri na silaha zimezagaa baada ya Vita vya Kagera. Jeshi hilo halikuwa na magereza. Lilikuwa na faini, na kwa aliyekaidi kulipa, kulikuwa na amri iliyokihusu kijiji kizima: asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe shambani, na akifiwa, asiendewe. Aliyeivunja amri naye alijitia hatiani. Kwa hiyo adhabu hii humfunga mtengaji pamoja na mtengwa. Jirani anayegeuza uso kisimani yumo kazini. Ili amkwepe mwenzake, sharti kwanza ajue yuko wapi. Pale kijijini hakuna anayefuatiliwa kwa makini kuliko huyo anayefanywa kana kwamba hayupo.

Lakini anajua anachodaiwa. Akilipa na kuomba radhi, amerudi. Makanisa ya Kilutheri nchini Tanzania yana utaratibu unaofanana na huo: muumini aliyetengwa hunyimwa Meza ya Bwana, na akitubu hurudishwa kundini mbele ya usharika. Aibu ni kubwa (wapo wanaoona heri kuhama dhehebu), ila ina kikomo.

Kwa bibi kizee anayeshukiwa uchawi, katika maeneo hayohayo ya sungusungu, hakuna kikomo. Macho yake mekundu, ambayo aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, huchukuliwa kuwa ushahidi. Akikana, anaficha, akikiri, amejimaliza. Faini ya kulipa haipo. Na si wanakijiji peke yao waliomfikisha hapo. Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo Tanzania huru iliirithi kwa Waingereza, inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumwamuru mshukiwa akaishi mahali atakapopangiwa. Serikali ikaigeuza hofu ya majirani kuwa anwani.

Orlando Patterson, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu utumwa, aliieleza hali ya mtumwa kuwa ni kifo cha kijamii. Siku hizi istilahi hiyo hubandikwa kila aina ya utengwaji, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoibandika. Kwa aliyetengwa na sungusungu haifai kabisa, maana maiti hatozwi faini. Kwa bibi kizee inakaribia kufaa, lakini nako haitoshi. Hata akishahamishwa, jina lake hubaki kazini: mtoto akiugua, ng'ombe akifa, mvua ikikawia, yeye ndiye hutajwa kwanza.