Kizima-moto garini: chupa ya dakika ya kwanza

AVEBA, Irumu – Karibu kila dereva anayetoka Bunia kuja Irumu Kusini, kwa njia ya Bogoro na Gety, anajua kwamba polisi wa barabarani anaweza kumuuliza chupa nyekundu ya kuzima moto. Wengi wanayo. Lakini mara nyingi iko chini ya magunia, imefungwa kwa waya, na hakuna anayekumbuka ilijazwa lini. Imekuwa kama karatasi ya kupitia kizuizi. Historia ya chupa hiyo inasema kitu kingine. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake mbele ya moto, kabla msaada haujafika. Aveba haina gari la zima-moto, kwa hiyo hapa kila mtu ni mtu huyo.

Mwaka 1813, kapteni mmoja Mwingereza, George William Manby, aliona nyumba zikiungua katika mji wa Edinburgh, kule Scotland. Maji ya wazima-moto hayakufika orofa za juu. Manby akaona kwamba moto ule ungezimwa na maji kidogo tu, kama yangefika mapema. Kufikia mwaka 1818 alikuwa na chombo cha shaba cha galoni 3, yaani zaidi kidogo ya lita 13, ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba. Ndani mlikuwa na maji yenye chumvi inayotokana na majivu, yakisukumwa na hewa iliyobanwa. Ingawa alikuwa Mwingereza, alikipa jina la Kifaransa: Extincteur. Wakongo wanalitumia jina hilo hadi leo.

Magari ya esansi yalipokuja, maji hayakutosha tena. Esansi huelea juu ya maji, na anayemwagia maji moto wa esansi anausambaza. Kufikia mwaka 1904, Aleksandr Loran, mwalimu katika Baku, mji wa visima vya mafuta, alikuwa ameonyesha kwamba povu linaweza kufunika mafuta yanayowaka na kuyanyima hewa. Miaka michache baadaye, kampuni ya Pyrene ya Marekani ilianza kuuza pampu ndogo yenye dawa ya maji inayoitwa tetrakloridi ya kaboni. Ilienea sana katika magari, kwa sababu ni ndogo na haigandi kwenye baridi. Lakini dawa hiyo ikipata joto kali huweza kutoa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika kuua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Katika nafasi iliyofungwa, mtu angeweza kuuzima moto kisha auawe na dawa. Ndiyo sababu iliachwa, na leo chupa nyingi za magari zina unga mkavu.

Katika Ulaya na Amerika kuna magari ambayo ni nyumba: kitanda, jiko la gesi na tangi la mafuta, vyote ndani ya sanduku moja. Humo chupa huwekwa karibu na mlango, ili anayeichukua awe na njia ya kutoka nyuma yake. Madereva wa makamioni wa Ituri wanaelewa maisha hayo bila kufundishwa. Gari likinasa katika tope, wanalala ndani yake na kupika kando yake siku nyingi, huku bidoni za mafuta na abiria wakiwa juu ya mizigo.

Hata hivyo, chupa ina mpaka wake, na Kongo iliujua mpaka huo kwa uchungu. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, katika teritwari ya Uvira, Kivu Kusini. Mafuta yakamwagika. Watu wakaja na vyombo kuyachota. Wengine walikuwa wamekusanyika karibu na hapo kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na nyumba za miti na majani zikateketea. Wengi wa waliokufa walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Sange haikuwa peke yake. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo nchini Kenya, na tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro nchini Tanzania, ilikuwa vivyo hivyo: lori limepinduka, watu wanachota, moto unawaka. Kila mahali zaidi ya watu 100 walikufa. Si ujinga uliowapeleka pale. Kwa mtu maskini, bidoni moja ya mafuta ni chakula cha nyumba. Lakini mvuke wa esansi hauonekani, hutambaa chini mbali na lori, na cheche moja ya pikipiki au sigara inatosha. Moto wa namna hiyo hakuna chupa inayouweza. Dawa yake ni miguu: kukimbia, na kuwaita watoto nyuma.

Chupa ni ya moto mdogo: waya unaoungua chini ya boneti, jiko lililoanguka, tone la mafuta kwenye injini. Chupa ndogo ya gari humwaga unga wake wote kwa sekunde zipatazo 10. Kwa hiyo dereva asimame, azime injini, ateremshe abiria kwanza. Kisha asimame upepo ukiwa mgongoni, avute pini, aelekeze mdomo wa chupa kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, na kupeleka unga kushoto na kulia. Kila mwezi atazame mshale kama uko kwenye kijani, na aitikise chupa, maana mashimo ya barabara huushindilia unga chini.

Kwa familia zilizokimbia makwao na kulala chini ya bashi, chupa ya kununua ni ndoto. Lakini wazo la Manby halina bei: kitu cha kuzimia kiwe mkononi kabla moto haujakua. Ndoo ya mchanga karibu na mlango hufunika mafuta yanayowaka pale ambapo maji yangeyasambaza. Mbabula ipikiwe nje, mbali na bashi. Bidoni ya esansi isilale mahali wanapolala watoto. Na njia kati ya mahema ibaki wazi, kwa sababu bashi moja likishika, jirani hana dakika ya pili.